OneZoom: mti wa viumbe wote duniani, baada ya mihula miwili darasani kwangu

Walimu wenzangu na wote mnaopenda habari za viumbe, niliahidi zamani kuandika kuhusu OneZoom, leo shule imefungwa na mitihani nimemaliza kusahihisha kwa hiyo ngoja nieleze yote, manake watu wananiuliza sana hiki kitu ni nini hasa na kama kinafaa kwa shule zetu hizi za kawaida. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Mwanza, nimekitumia mihula miwili mfululizo, na jibu langu ni kwamba kinafaa, tena sana, ila kuna sehemu inabidi mwalimu uwe makini usije ukawafundisha watoto kitu ambacho hata wanasayansi wenyewe hawajakisema.

OneZoom ni tovuti, huweki programu yoyote, unafungua tu kwenye simu au kompyuta na ni bure. Ndani yake kuna mti mmoja mkubwa wenye aina zaidi ya milioni 2.2 za viumbe, mimea, wanyama, uyoga, wadudu, vijidudu, wote kwenye shina moja. Kila jani ni aina moja ya kiumbe. Kila panda, yaani pale tawi linapogawanyika, ni babu wa wote waliopo juu yake, na ukisogea karibu panapojulikana unaandikiwa huyo babu aliishi miaka milioni mingapi iliyopita na ameacha aina ngapi za wajukuu. Unazumu kwa vidole kama unavyozumu picha, unaingia ndani ya tawi, unakuta kumbe nalo lina matawi yake, unaingia tena, unakuta mengine, unaweza kukaa nusu saa hujafika mwisho. Aliyeuanzisha ni James Rosindell wa Imperial College London, yeye na Luke Harmon wakaandika makala ya kisayansi kuuhusu 2012, baadaye akaungana na Yan Wong, na Desemba 2021 ndo wakautoa ukiwa kamili na picha zaidi ya laki moja.

Sasa kabla sijaupata mimi nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa. Manila kubwa ukutani, falme tano, Monera, Protoctista, Fungi, Plantae, Animalia, watoto wanakariri, wanaandika sifa tatu tatu za kila kundi, mtihani unakuja wanajibu, basi. Sio vibaya, mtihani unataka hivyo na lazima wafaulu. Lakini ukiwapangia viumbe kwenye makabati wanabaki wanaona makabati tu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza kabati la samaki na kabati la mijusi yanahusiana vipi, manake kwenye manila hayahusiani, yapo tu pembeni kwa pembeni.

Kilichonibadilisha ni kamongo.

Nilikuwa na kidato cha tatu, siku ya kwanza kuwaonyesha huu mti kwa projekta ya kuazima, nikawauliza nani anaweza kunitajia samaki tumtafute. Mwanza hapa hilo swali halina ukimya, sangara, sato, dagaa, furu, kambale, darasa zima linapiga kelele. Kijana mmoja nyuma, baba yake mvuvi, akasema kamongo. Nikamwandika Protopterus aethiopicus kwenye sehemu ya kutafuta, skrini ikarudi nyuma ikatuonyesha mti, alafu ikazama kwenye tawi jembamba kabisa lenye majani machache, ndo yupo hapo. Nikawaambia haya sasa, tumtafute na sangara, Lates niloticus. Ikarudi nyuma mbali, ikaenda kwenye msitu wa matawi huko upande mwingine. Nikawaambia sasa tumtafute binadamu. Ikaenda kwa binadamu. Alafu nikawauliza swali moja, kamongo ana undugu wa karibu na nani, na sangara au na sisi?

Wote wakasema sangara. Madam si wote samaki, wana mapezi wote, wanaishi ziwani wote, mama anawauza meza moja pale mwaloni.

Nikawaambia tusibishane, tufuate tawi. Tukaanza kwa kamongo tukashuka chini panda moja moja. Panda ya kwanza kubwa tunayofika inaunganisha kamongo na nani? Na chura, mjusi, kuku, ng'ombe, na sisi. Sangara bado hayupo. Inabidi ushuke tena chini zaidi ndo unamkuta sangara na sato na dagaa na kambale wanaingia kwa upande wao. Yaani babu wa mwisho tunayeshea sisi na kamongo ni wa karibu kuliko babu ambaye kamongo anashea na sangara. Wote wawili ni wa zamani sana, zaidi ya miaka milioni 400, na ukiangalia kwa hesabu wamepishana kidogo tu, lakini undugu ni undugu, hauangalii nani anaishi na nani, unaangalia babu yupi mnaungana.

Darasa lilinyamaza, alafu likalipuka. Na hapo yule kijana wa nyuma akasimama akaanza kuwaeleza wenzake vitu ambavyo mimi mwalimu wake sikuwahi kuviona kwa macho, kwamba kamongo hana mapezi kama ya sangara, ana vitu virefu vyembamba kama kamba vinne, viwili mbele viwili nyuma, na kwamba lazima apande juu kuvuta hewa, ukimzuia chini ya maji muda mrefu anakufa, na kwamba wakishamvua wanamtupa ndani ya mtumbwi na anakaa mzima muda mrefu wakati sangara kashakufa zamani. "Na ukimpasua ndani ana mapafu madam, mawili, kama ya mbuzi." Mapafu! Mtoto wa miaka 16 anawaeleza wenzake ushahidi wa mageuzi kutoka kwenye mtumbwi wa baba yake. Nimefundisha miaka kumi na mbili sijawahi kuwa na kipindi kama kile.

Tangu siku hiyo nafundisha hii mada kwa lugha ya ukoo na naomba walimu wenzangu mjaribu. Nawaambia hivi, wewe na dada yako mnaungana kwa baba na mama, wewe na mtoto wa shangazi yako mnaungana kwa babu na bibi, kwa hiyo dada yako ni wa karibu zaidi hata kama sura mnafanana na binamu. Kufanana kunadanganya. Kuna mtoto anafanana na jirani na hana undugu naye hata kidogo. Ukishaielewa hiyo umeielewa kazi nzima ya watu wanaochora huu mti, wanatafuta nani ana babu wa karibu na nani, sio nani anafanana na nani, na ndo maana siku hizi wanasoma DNA badala ya kutegemea umbo peke yake. Kiswahili chetu kina maneno tayari, ukoo, mlango, tumbo moja, babu mmoja, hatuhitaji kuhangaika.

Mfano mzuri wa hilo ni kipunji wetu, kima wa misitu ya milimani. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wanamjua na jina ni lao, wanasayansi wakamtangaza 2005, huko Rungwe na pia msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Kwa umbo walimweka kwenye kundi lingine la kima wembamba wa mitini, alafu 2006 DNA ikaonyesha yupo karibu zaidi na nyani wale wakubwa wa porini, wakalazimika kumfungulia jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika baada ya miaka 83. Ukienda kwenye mti unamkuta hapo, jani lake jekundu.

Rangi nazo zina maana, na hii naipenda sana. Jani la kijani ni kiumbe asiye hatarini, jekundu yupo kwenye hatari ya kutoweka, jeusi ametoweka tayari siku za karibuni, la kijivu hakuna taarifa ya kutosha. Taarifa wanazichukua kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto kwenye tawi la tembo, huhitaji kumhutubia kuhusu ujangili, anaona mwenyewe kwamba tawi lililobaki na majani matatu tu yote ni mekundu. Kijivu nayo inafundisha, ukienda upande wa wadudu unakuta ni kijivu kwa kijivu, bahari nzima ya kijivu, manake mende na mbawakawa laki nne hivi hakuna mtu amekaa kuwachunguza mmoja mmoja kama wapo salama. Wanafunzi wangu walishtuka zaidi na hiyo kijivu kuliko nyekundu.

Tukiwa kwenye tawi la tembo ngoja niwaambie kitu cha watu wa Mwanza. Wale pimbi mnaowaona kwenye mawe, hata pale kisiwa cha Saanane, wanaokaa juani kama sungura wanene wasio na masikio, ndugu zao wa karibu kabisa waliobaki duniani ni tembo na nguva. Nguva yule wa baharini kule Rufiji na Mafia, ndio. Na ukishuka panda chache unakutana na muhanga na sange, yule mwenye pua ndefu inayotikisika, watu wote wanamuita panya na hana upanya wowote, kuna mmoja aligundulika Udzungwa akapewa jina la kisayansi 2008, Rhynchocyon udzungwensis, mkubwa kuliko sange wote, gramu 700 hivi. Hili kundi zima limeanzia Afrika. Ukilitazama tawi lile lote kwa pamoja, tembo, pimbi, nguva, muhanga, sange, fuko wa dhahabu, unajisikia vizuri kuwa mtu wa bara hili, mimi najisikia hivyo na sioni aibu kuwaambia wanafunzi.

Mengine nitayapitia haraka manake mtayakuta wenyewe. Fisi yupo upande wa paka, sio wa mbwa, na nguchiro ni wa karibu naye zaidi hata ya paka. Mamba ana undugu wa karibu na kuku kuliko na kenge. Nyangumi ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiboko. Uyoga upo karibu na sisi kuliko ulivyo karibu na mchicha, hii huwa inaleta ubishi hata ofisini kwa walimu.

Swali ambalo kila mwalimu wa baiolojia Tanzania analijua, madam kwa hiyo sisi tumetokana na nyani? Nilikuwa naliogopa hili swali, sasa hivi nalisubiri. Nampa mtoto simu namwambia nenda kwa nyani. Anaenda. Namwambia sasa njoo kwa binadamu. Anaona mwenyewe kwamba nyani yupo kwenye jani lake na sisi kwenye jani letu, majani mawili ya leo, hakuna jani linalotoka kwenye jani lingine. Mnaungana chini, kwa babu wa zamani ambaye hakuwa nyani huyu wa leo wala binadamu, na wa karibu zaidi na sisi ni sokwe, sio nyani, babu yetu na sokwe ni miaka milioni 6 hivi au saba, wa nyani ni zaidi ya milioni 25. Jamani Kiswahili kina bahati, tuna neno sokwe na neno nyani, yale maneno mawili yenyewe ni nusu ya jibu. Mimi ni muumini, naimba kwaya, na wapo wazazi waliokuja kuniuliza nawafundisha nini watoto wao, nikawaonyesha huu mti kwenye simu, tukakaa chini ya mwembe wa shule, wengine waliondoka hawajakubali lakini hakuna aliyeondoka amekasirika. Mzee mmoja aliuliza tu kama naweza kumtafutia nyuki, tukamtafuta nyuki.

Haya, sasa sehemu ambazo mwalimu lazima awe makini.

Huu mti unaoonekana umekamilika hivi haujajulikana wote. Sehemu kubwa ya mpangilio wake wanauchukua kwenye mradi mwingine unaitwa Open Tree of Life, ambao 2015 ulitoa rasimu ya kwanza ya mti wa aina milioni 2.3 kwa kuunganisha miti midogo karibu 500 iliyochapishwa na watafiti mbalimbali, na pale ambapo hakuna mti wa utafiti wanajazia kwa kutumia uainishaji wa kawaida, yaani yale yale makabati yangu ya manila. Wale watu wa Open Tree waliangalia tafiti zaidi ya 7,500 za kati ya 2000 na 2012 wakakuta utafiti mmoja tu kati ya sita ndo umeweka data zake kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuzipakua na kuzitumia. Kazi imefanyika, hela imetumika, sampuli zimekusanywa, alafu mti umebaki kama picha kwenye karatasi. Inaniuma kweli. Watafiti wa vyuo vyetu mkisoma hapa, wekeni data zenu.

Na ubaya, mahali ambapo haijulikani nani alitangulia kugawanyika, ili picha ichoreke wanaligawa tawi mbili mbili kwa kubahatisha. Sio siri, wenyewe wamelieleza, na kuna mwonekano mwingine unaweza kuuchagua ambao tawi lisilojulikana linatoka kama fagio, vijiti vyote kwa pamoja, badala ya kugawanyika mbili mbili. Mimi nawashauri mtumie huo wa fagio mkifika sehemu zenye utata. Kwa sisi wa ziwa hili sehemu yenye utata ni furu. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, furu wa ziwa hili zaidi ya aina 500 wamegawanyika tangu hapo, kwa muda mfupi kiasi kwamba hata DNA zao zimechanganyikana, huyu amezaa na yule, hakuna mtu anaweza kukuchorea kwa uhakika nani ndugu wa nani. Kwenye mwonekano wa kawaida utawaona wamepangwa vizuri kabisa, panda kwa panda, na mtoto mwerevu ataanza kunakili ule mpangilio kwenye daftari. Usimruhusu. Mwambie hapa ni fagio, na fagio ndo ukweli wenyewe, samaki waliozaana haraka kuliko mti wowote unavyoweza kuchorwa. Na mwambie pia kwamba baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 50 na kuongezeka sana miaka ya 80 inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilipotea, kwa hiyo kuna majani hapo tuliyapoteza kabla hatujajua yanashikana na tawi gani.

Sehemu nyingine ni bakteria. Ukiutazama mti utadhani bakteria ni watu wachache na wadudu ndo dunia nzima. Sio hivyo, ni kwamba waliopewa majina rasmi ni wachache. Alafu bakteria wana tabia ya kupeana jeni, yaani vipande vya DNA, kwa pembeni, sio kutoka kwa mzazi tu, ndo maana usugu wa dawa unahama kutoka aina moja ya bakteria kwenda aina nyingine kabisa. Kwao hao mti unakuwa kama wavu. Picha ya matawi haiwezi kuonyesha hilo, hii ni shida ya wazo lenyewe la mti. Na mtoto akikuuliza mbona hapa kuna arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini ni ukoo mwingine, na kwenye falme tano hazipo, mwambie ukweli, Carl Woese na George Fox walizitenganisha 1977 na manila yetu bado haijafika huko.

Mambo ya vitendo sasa. Inatumia bando, picha ni nyingi na kila ukizumu zinaingia mpya. Simu yangu ya zamani ilikuwa inakwama kabisa, kwenye laptopu ya kawaida tu inaenda vizuri. Mtandao wa shuleni kwetu siku nyingine haupo, kwa hiyo nimejifunza kupitia njia nzima usiku nyumbani na kupiga skrinshoti kila panda, kama kumi na tano hivi, naziweka kwenye flashi. Inapoteza raha ya kuruka tawi kwa tawi lakini somo linaenda. Majina mimi nayatafuta kwa kilatini au Kiingereza, kwa hiyo nimetengeneza daftari la majina, upande mmoja jina letu upande mwingine la kisayansi, kamongo, sato, pimbi, muhanga, komba, korongo, mbuyu, mkuyu, mwarobaini, limefika 160 na watoto ndo wanaoliongeza. Ushauri wangu mkubwa ni huu wa daftari, bila hilo mtoto ataona mti wa Wazungu wenye wanyama wa Wazungu, akiwa na daftari anaona viumbe wa kwao. Ukibonyeza jani inakufungulia maelezo ya Wikipedia ya huyo kiumbe hapo hapo, hii ni nzuri kwa kazi za nyumbani.

Wanajiendesha kama taasisi ya hisani. Mtu anaweza kufadhili jani, jina lake linaandikwa juu yake, majani ya viumbe maarufu ni ghali kuliko ya wasiojulikana. Wanafunzi wangu walishangaa kuona jina la mtu kwenye jani la konokono, wakadhani ndo aliyemgundua, inabidi uwaeleze mapema.

Nimejaribu na vingine. TimeTree ya Sudhir Kumar na Blair Hedges, hiyo unaandika majina mawili inakupa walitengana miaka mingapi iliyopita na imetokana na tafiti zipi, kwa mwalimu anayetaka namba yenye ushahidi nyuma yake hiyo ni bora kuliko OneZoom, toleo la 2022 lina aina zaidi ya 137,000. Ila haina ule mshangao, mtoto hawezi kuzunguka mwenyewe humo. Kwa mimea inayotoa maua kuna mti wa Kew, bustani ya mimea ya London, uliotoka 2024, jeni 353, aina zaidi ya 9,500, walitumia mpaka mimea iliyokaushwa karibu miaka 200 iliyopita, kazi nzito na ya uhakika lakini ni ya watu wa chuo zaidi. Mtoto wa kidato cha pili ukimpa kimojawapo cha hivi vitatu mpe OneZoom. Mimi naipa nyota nne na nusu, ile nusu ni ya mpangilio wa kubahatisha, natamani mwonekano wa fagio ndo ungekuwa unafunguka wa kwanza.

Namalizia na mchezo mmoja mjaribu. Unawapa simu moja kundi la watoto wanne, unawaambia mtafuteni binadamu bila kuandika chochote kwenye sehemu ya kutafuta, mnaanzia kwenye shina la mti mzima. Kidato cha tatu mara ya kwanza walichukua dakika 23. Walipotea kwenye wadudu, wakarudi, wakaingia kwenye ndege, wakarudi, walipofika kwenye samaki wakageuza wakasema sio huku, sisi sio samaki, wakazunguka tena. Muhula huu nikaurudia kwa kidato cha pili, niliokuwa nimeshawafundisha kwa lugha ya ukoo. Binti mmoja ambaye huwa hasemi darasani alishika simu, akapita sponji, akapita wadudu, akaingia kwa samaki moja kwa moja bila kusita, wenzake wanamwambia umepotea, akasema subirini, akasogeza kidole taratibu mpaka kwenye kale katawi kembamba, akasema kamongo huyu hapa, tunakata kona. Dakika nne.